Mgonjwa Avuliwe Kiatu

Mama mmoja wa Usoke, mkulima wa tumbaku na mahindi mwenye umri wa miaka 62, alifika katika kliniki yetu ya mkoba akiwa na daftari la matibabu lililokaribia kujaa. Kwa muda wa miaka 3 kila aliyemhudumia alikuwa ameandika maneno yale yale: maumivu ya mguu, kisha diklofenaki, miligramu 50, mara mbili kwa siku. Nililipekua daftari lile ukurasa baada ya ukurasa nikitafuta mahali palipoandikwa ni sehemu ipi ya mguu iliyouma. Sikupaona. Nilipomwomba avue kiatu, alisita.

"Daktari, mwanangu, kwani ni lazima? Miguu ya mkulima haitazamiki."

"Samahani mama, ndiyo niliyokuja kuitazama."

Akavua. Kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kinene na kigumu, kisigino kimeegemea nje, upinde wa wayo umelala, na upande wa ndani wa unyayo palikuwa na sugu nene kama ganda la mti. Nikamuuliza kama mguu ule uliwahi kuvunjika. Akasema ulivunjika miaka 14 iliyopita, alipoanguka na baiskeli iliyobeba gunia. Mzee mmoja wa kijijini akaufunga kwa vijiti, ukapona. Je, alikuwa amewaeleza waliomtibu? "Hakuna aliyeuliza," akajibu, pasipo lawama yoyote katika sauti yake.

Siku hiyo hiyo tulipima shinikizo la damu yake tukalikuta limepanda, na majibu ya figo yaliporudi yakaonyesha kwamba zimeanza kuelemewa. Vidonge alivyokuwa akinywa asubuhi na jioni ili apate kufika shambani vilikuwa vinamwondolea maumivu ya kifundo kwa gharama ya figo zake. Alikuwa akivinunua mwenyewe katika duka la dawa kila daftari lilipochelewa kuandikwa.

Sisemi haya ili kumshitaki mtu. Mimi mwenyewe, katika miaka yangu ya mwanzo kazini, niliandika diklofenaki mara nyingi bila kuinuka kitini. Naandika kwa sababu nimefikia rai ambayo ningependa wahudumu wa afya wenzangu waipime, na wagonjwa waidai: kwamba sehemu kubwa ya tiba ya ugonjwa wa viungo vya wayo na kifundo haihitaji daktari bingwa wala upasuaji, bali inahitaji mhudumu wa zahanati anayemvua mgonjwa kiatu, na fundi viatu aliyeelekezwa la kufanya.

Katika nchi zilizo na uwezo mkubwa kuna taaluma kamili ya kazi hii, iitwayo podiatria, yaani tiba ya nyayo na vifundo. Ina shahada yake, kliniki zake na wataalamu wake. Katika bara letu, Chuo Kikuu cha Johannesburg huko Afrika Kusini hufundisha wataalamu hao. Kwetu mgonjwa wa Usoke hatakutana naye mwaka huu wala mwaka ujao. Basi swali ni kama tumngoje mtaalamu huyo, au tuichukue kazi yake, kipande kwa kipande, na kuigawa miongoni mwa watu tulio nao.

Lugha yenyewe inatutega kidogo. Kiswahili huita mguu kila kitu kuanzia nyonga hadi kucha. Mgonjwa akisema mguu unauma, huenda ana tatizo la mgongo linaloshuka kwenye paja, au goti, au mshipa wa damu ulioziba, au kidole gumba kisichokunjika. Maneno ya kutenganisha tunayo: paja, goti, muundi, shavu la mguu, kifundo, kisigino, wayo, unyayo. Hatuyaandiki tu. Ningefurahi kama kila daftari lingeandikwa "kifundo cha kulia, upande wa mbele" badala ya "mguu". Aandikaye hivyo amelazimika kwanza kutazama.

Jina la ugonjwa nalo lina mtego wake. Baridi yabisi ni jina lililotokana na utabibu wa kale, ambao uliamini kwamba mwili hutawaliwa na ujoto na baridi, unyevu na ukavu; yabisi ni kavu. Ndiyo maana mpaka leo wagonjwa wengi hujilaumu kwa kuoga maji ya baridi au kukanyaga umande, na wengine huacha kwenda bombani alfajiri. Umande haumli mtu gegedu. Kwa upande mwingine, siku hizi limezuka neno la kutisha zaidi, kusagika. Mtu akiambiwa kwamba viungo vyake vinasagika, huketi kitako asivimalize, misuli ikalegea, na maumivu yakaongezeka. Hapo hujitokeza muuza chupa anayeahidi kurudisha ute wa viungo. Wapo waliouza mbuzi ili wanunue chupa hizo. Sijaona dawa ya kunywa iliyorudisha gegedu lililokwisha, na sijui hospitali yoyote duniani inayoitumia.

Kuhusu mahali penyewe, inafaa kukumbuka Usoke ni wapi. Iko magharibi mwa mji wa Tabora, kwenye reli iendayo Kigoma. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, nchi hii yote iliendeshwa na nyayo. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka hapa hadi Bagamoyo, zaidi ya kilometa 800, na kurudi, kila mmoja akibeba mzigo wa frasila 2 hivi, yaani kilo 30 na ushei. Vitabu vya wasafiri vinahesabu pembe, vitambaa na shanga; nyayo zilizobeba hayo yote ni nadra kutajwa. Tunajua kwamba David Livingstone alizuiliwa kwa miezi kadhaa huko Bambarre, katika nchi ya Manyema, mwaka 1870, kwa sababu ya vidonda vya miguu, maana yeye alikuwa na shajara. Wapagazi wake hawakuwa nayo.

Leo mzigo hubebwa na reli, na lori, na bodaboda, lakini shamba bado hulimwa kwa miguu. Mkulima wa tumbaku hutembea katikati ya matuta msimu mzima, wayo mmoja ukiwa juu kuliko mwenzake. Huinama kuchuma majani ya chini, hubeba hadi kwenye bani, hurudi. Kumwambia mtu huyo "punguza kutembea" ni kumwambia aache kula. Ushauri wowote wa kitabibu usioanzia hapo utaishia mlangoni mwa zahanati.

Sasa tuingie katika kiungo chenyewe. Wayo mmoja una mifupa 26 na viungo zaidi ya 30, na kila mtu akanyagapo hupokea uzito wa mwili mzima, mara nyingi zaidi ya uzito huo, kwa kuwa misuli nayo hukandamiza. Gegedu la kifundo ni jembamba, milimita 1 hadi 2 tu, lakini ni imara ajabu. Ugonjwa wa kuchakaa kwa gegedu, ambao katika goti na nyonga huja aghalabu kwa umri, unene na urithi, katika kifundo huwa na historia tofauti: kwa wagonjwa walio wengi kifundo huchakaa kwa sababu kiliwahi kuumia. Kilivunjika, au kiliteguka mara nyingi, miaka 10 au 20 kabla ya maumivu kuanza.

Mwaka 1976 Ramsey na Hamilton walichapisha kipimo ambacho huwarudia wanafunzi wangu kila mwaka. Waligundua kwamba mfupa unaokaa ndani ya kifundo ukihamia kando kwa milimita 1 tu, eneo ambalo mifupa miwili inagusana hupungua kwa asilimia 42. Milimita 1 ni unene wa ukucha mgumu. Uzito ule ule sasa unabebwa na karibu nusu ya eneo, hatua kwa hatua, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo mfupa wa kifundo "uliopona" unaweza kuwa umeunga vizuri kabisa na bado ukawa umemhukumu mwenyewe.

Hii ndiyo sababu nasema tiba ya kwanza ya ugonjwa huu hufanyika siku ya ajali. Waganga wa jadi wa mifupa wana heshima yao, na baadhi ya mivunjiko ya muundi au ya mkono hupona vizuri mikononi mwao. Kifundo hakiwafai, wala hakimfai mhudumu anayefunga bandeji na kumwambia mgonjwa arudi baada ya wiki 2. Mtu aliyeanguka na bodaboda, kifundo kikavimba, asiyeweza kupiga hatua 4, au anayeumia akibonyezwa kwenye ncha za mifupa miwili ya pembeni, apigwe eksirei. Kama kiungo kimehama, apelekwe kwa anayeweza kukirudisha mahali pake, wiki hiyo hiyo. Nauli ya kwenda Urambo au Tabora ni kubwa kwa mkulima, nalijua hilo, lakini ni ndogo kuliko miaka 14 ya yule mama.

Kwa wale ambao ajali yao imekwisha kupita, tunarudi kwenye kiatu. Uchunguzi ninaoupendekeza hauchukui zaidi ya dakika 7, na nimeufanya mara nyingi chini ya mwembe, kwa hiyo ukosefu wa chumba si udhuru. Mgonjwa asimame pekupeku, mhudumu amtazame kwa nyuma: je, visigino vimenyooka? Kisha atembee hatua 10 kwenda na kurudi. Aketi, mhudumu amshike wayo kwa mikono miwili, aukunje na kuukunjua, kwanza kifundo, kisha sehemu ya katikati, kisha kidole gumba. Abonyeze kwa ncha ya kidole kimoja mpaka mgonjwa aseme "hapo". Apapase joto kwa mgongo wa mkono na kulinganisha na wayo wa pili. Atafute mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Aguse vidole kwa upole huku mgonjwa amefumba macho, ajue kama anahisi. Mwishoni akichukue kiatu, akigeuze, asome soli.

Soli husema mengi, lakini hapa kwetu inabidi isomwe kwa tahadhari. Viatu vingi vya wagonjwa wetu ni vya mitumba, na kiatu cha mtumba huja kimekwisha kukunjwa na mwendo wa mtu mwingine. Nimewahi kumwona mwalimu mmoja ambaye maumivu yake ya kifundo yalianza mwezi mmoja baada ya kununua viatu vizuri vya ngozi ambavyo soli zake zote mbili zilikuwa zimelika upande wa nje. Mwenye viatu wa kwanza, popote alipo, alikuwa akitembea kwa ukingo wa wayo. Mwalimu alibadilisha soli, maumivu yakaisha. Ndiyo tiba rahisi kuliko zote nilizowahi kutoa. Kwa mitumba, basi, mnunuzi aweke kiatu mezani akitazame kwa nyuma kabla ya kulipa. Na akanyage kipande cha boksi, achore mzunguko wa wayo wake kwa kalamu, kisha aweke kiatu juu ya mchoro. Wengi hushtuka kuona kiatu ni chembamba kuliko mguu wanaoutia humo.

Uchunguzi huo wa dakika 7 unatenganisha magonjwa ambayo daftari huyaita kwa jina moja. Kidole gumba kilichovimba ghafla usiku, chekundu, kisichovumilia hata shuka, karibu kila mara ni jongo, linalotokana na asidi ya yuriki kuganda ndani ya kiungo. Hilo lina dawa zake: kolchisini, au dawa ya kutuliza uvimbe kwa siku chache kama figo na tumbo vinaruhusu, na baadaye alopurinoli kwa wanaoshambuliwa mara kwa mara, kuanzia miligramu 100 na kupandisha polepole. Mgonjwa asiiache anapopata nafuu, lakini aiache mara moja na kurudi kituoni akitokewa na vipele. Mhudumu naye atazame dawa nyingine za mgonjwa, kwa maana haidroklorothiazidi ya shinikizo la damu na pirazinamidi ya kifua kikuu zote hupandisha asidi hiyo. (Pirazinamidi haiachwi kwa sababu ya maumivu ya viungo bila ushauri wa kliniki ya kifua kikuu.) Mtu ambaye vidole vya miguu yote miwili na vya mikono hukakamaa asubuhi kwa saa nzima au zaidi, akiwa kijana wa miaka 30 au 40, huyo ndiye mwenye baridi yabisi halisi, na anahitaji kufika hospitali ya rufaa mapema kabla viungo havijapinda.

Wapo pia wasiopaswa kukaa zahanati hata siku moja. Kiungo kimoja chenye moto, homa, na mgonjwa asiyekubali kiguswe: huo ni usaha mpaka ithibitishwe vinginevyo, hasa kwa mtoto. Kifundo kinachovimba polepole kwa miezi, mgonjwa akikonda na kutoka jasho usiku, kichunguzwe kifua kikuu. Na yupo mgonjwa wa kisukari ambaye wayo wake umevimba, una joto, umeanza kubadilika umbo, lakini hauumi sana. Huyo huwa anapewa dawa za maambukizi au za viungo na kuambiwa aendelee na kazi. Huenda ana mguu wa Charcot, ambamo mishipa ya fahamu imekufa na mifupa inavunjika bila yeye kuhisi. Kila hatua anayopiga inaubomoa zaidi. Asikanyage, apelekwe. Ukosefu wa maumivu ndio unaowadanganya wote wawili, mgonjwa na mhudumu.

Hapo tunacho cha kujivunia, maana kuhusu mguu wa kisukari Tanzania haikungoja kufundishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, pamoja na wenzake wa India na Uholanzi, walianzisha mpango wa hatua kwa hatua wa kuwafundisha madaktari na wauguzi kutunza nyayo za wagonjwa wa kisukari, na mpango huo ukaigwa katika nchi nyingine. Kabla ya hapo, Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanzishwa mwaka 1977, ulikuwa umewazoesha wahudumu wa wilayani kupima hisia za nyayo na kuwapa wagonjwa viatu vyenye soli laini ndani na ngumu nje. Huko Moshi, chuo cha TATCOT kilichopo KCMC kimekuwa kikifundisha tangu 1981 wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi kwa ajili ya Afrika nzima. Ujuzi upo nchini. Umefungwa ndani ya magonjwa mawili, ukoma na kisukari, ilhali mwenye gegedu lililochakaa naye ana nyayo mbili kama wao.

Sasa niseme tulichomfanyia yule mama, maana hapo ndipo rai yangu inaposimama au kuanguka. Diklofenaki ya vidonge tuliisimamisha, akapewa parasetamoli kwa siku mbaya tu, na jeli ya kupaka juu ya kifundo, ambayo kwa kiungo kilicho karibu na ngozi husaidia bila kuipa figo mzigo mkubwa. Shinikizo la damu likaanzishiwa tiba. Sugu ilipunguzwa kwa kisu cha hospitali na muuguzi aliyefundishwa, naye mama akapewa jiwe la kusugulia baada ya kuoga. Tulimkataza wembe, na tulimkataza pia maji ya moto yenye chumvi, kwa sababu nimeona nyayo nyingi zilizoungua kwa tiba hiyo kuliko zilizopona. Alifundishwa kunyoosha shavu la mguu akiegemea ukuta, na kuinua visigino mara 10, asubuhi na jioni. Akapewa fimbo, aishike kwa mkono wa kushoto, yaani upande wa pili wa mguu unaouma. Urefu wake ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono anaposimama wima. Wengi huishika upande wa maumivu, na hapo faida yake hupotea.

Kisha tukamwita fundi viatu. Ana kibanda chake karibu na stesheni, hushona mabegi, hubandika soli, na hutengeneza katambuga. Kwa kifundo kisichokunjika tunachohitaji ni soli ngumu, isiyopinda katikati, iliyopinda kwa nje kama tako la mtumbwi, ili wayo ubingirike mbele badala ya kujikunja. Nilikuwa nimechora mchoro. Fundi aliutazama, akacheka kwa adabu, akaokota kipande cha tairi la gari kilichokuwa chini ya kiti chake na kukiweka sakafuni. Kikasimama hivyo hivyo, ncha mbili zimeinuka. "Daktari, tairi lina huo mviringo tayari. Ukilikata kwa kufuata mzunguko wake, linabaki nao. Ukilikata kwa kukingama, unapata ubao." Miaka 20 nimeyaona makatambuga kama alama ya umaskini!

Wataalamu wa nje hutoza fedha nyingi kwa soli ya namna hiyo. Huko Australia, Hylton Menz na wenzake walichapisha mwaka 2016 utafiti kuhusu maumivu ya kuchakaa kwa kiungo cha kidole gumba, wakilinganisha viatu vyenye soli ya mviringo na soli za ndani zilizotengenezwa kiwandani. Makundi yote mawili yalipata nafuu, kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa kifundo ushahidi ni mwembamba zaidi, ila hoja ya kimwendo ni ile ile. Fundi wetu aliubandika mpira wa tairi chini ya kiatu cha kufunga cha mama, akaongeza kabari ya ngozi upande wa ndani wa kisigino, na kutandika mpira laini ndani.

Wenzangu wawili wamenipinga, na hoja zao ni nzito. Wa kwanza anasema nimemkabidhi mgonjwa kwa mtu asiye na leseni. Namjibu kwamba nimempa fundi wagonjwa wenye hisia kamili na mapigo mazuri ya damu, na hao tu. Asiyehisi, mwenye kisukari au aliyewahi kuugua ukoma, apelekwe kwenye karakana ya hospitali, kwani msumari mmoja wa katambuga ukipenya ndani unaweza kumgharimu mguu kabla hajaona damu. Tofauti hiyo lazima ipimwe na mhudumu kwa mkono wake. Wa pili anasema zahanati yenye mhudumu mmoja na foleni ya wagonjwa 60 haiwezi kutoa dakika 7 kwa nyayo. Hapo sina jibu la kumridhisha. Naweza kusema tu kwamba mgonjwa yule yule huja kila mwezi kuandikiwa vidonge, kwamba siku moja atakuja na kidonda cha tumbo kinachotoka damu au figo zilizokoma, na kwamba muuguzi wa kliniki ya shinikizo la damu na kisukari anaweza kupewa siku moja kwa mwezi iwe ya nyayo.

Upasuaji nao una mahali pake. Kifundo kilichokwisha kabisa, ambacho fimbo, kiatu na dawa havikitulizi, kinaweza kuunganishwa kwa skrubu kiwe mfupa mmoja. Maumivu huisha kwa wengi, na mtu hutembea vizuri kuliko anavyodhania. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ni mahali pa rufaa ya mwisho kwa kazi kama hizo. Lakini mgonjwa ajue bei yake: miezi mitatu hivi bila kukanyaga, msimu mzima wa kilimo. Tena mifupa ya mvutaji huchelewa kuunga au hukataa kabisa. Hilo huwa gumu kulieleza Urambo, ambako ada za shule zimelipwa na jani hilo hilo. Huwaambia: lilime, liuze, usilivute.

Ninachoiomba wizara na vyuo, na chuo chetu kikiwemo, ni kidogo. Mafunzo ya wiki 2 ya utunzaji wa nyayo na vifundo yawekwe katika mitaala ya matabibu na wauguzi, yakiunganisha yale ambayo mipango ya ukoma na kisukari imekuwa ikiyafundisha kwa miongo. Kila hospitali ya wilaya iwe na orodha ya mafundi viatu 2 au 3 waliopewa mafunzo na karakana ya hospitali ya mkoa. Na vituo viache kuandika diklofenaki ya kuendelea bila kupima shinikizo la damu na figo. Kwa mgonjwa anayesoma haya, ombi ni moja: ukifika kwa mhudumu, vua kiatu kabla hujaombwa, hata kama miguu yako ni ya mkulima.

Mama alirudi baada ya miezi 4. Figo zilikuwa zimepata nafuu kiasi, hazikurudi zilivyokuwa. Kifundo bado kilimuuma wakati wa masika, na siku mbili alikuwa amekosa uvumilivu akanunua vidonge vyake vya zamani; alikiri bila kuulizwa. Lakini alikuwa amemaliza palizi. Alikuja na jirani zake watatu, wote wakichechemea, na fundi alikuwa amekwisha kuwabandikia wawili soli za tairi kabla hatujawapima hisia, jambo lililotuharakisha kumwelekeza upya asimguse mtu asiye na karatasi yetu. Kliniki ijayo ya Usoke tumewaomba wagonjwa waje na viatu vyao vyote, hata vile vilivyotupwa uvunguni.